Kereng'ende, shahidi wa maji ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Juma lililopita tulizungumza redioni juu ya jambo ambalo baadhi ya wasikilizaji walidhani ni mzaha. Mmoja alipiga simu akauliza: "Ndugu mtangazaji, watu tunahangaika na bei ya unga na nauli, nawe unatuletea habari za kereng'ende?" Swali lake lilikuwa la haki. Kwa sababu hiyo tumeona heri mazungumzo yale yachapishwe hapa, ili msomaji ayapime mwenyewe kwa utulivu, na mwishoni tutamjibu ndugu yetu huyo.

Tuanze na mambo yaliyomo vitabuni. Tarehe 13 Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeanza siku chache tu nyuma, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa na kuishambulia kwa mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mahali penyewe Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Sisi tunapaita Liuli, katika Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, sehemu ambayo kabla ya kugawanywa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Tukio hilo limeandikwa mara nyingi, na wapenzi wa historia ya vita hulisimulia mpaka leo.

Lakini mwaka uliofuata, 1915, lilikuwapo jambo kubwa kuliko mizinga ya Gwendolen, na ni wachache wanaolijua. Maji ya ziwa yalikuwa yameshuka mno. Mto Shire, ambao ndio mlango pekee wa kutolea maji ya Nyasa kuelekea Zambezi, uliacha kutiririka pale unapoanzia. Mchanga ukajaa na matete yakaota mle mtoni. Kwa muda wa miaka kama 20 ziwa lilipokea maji ya mito yake bila kuyatoa kwa mto wo wote. Maji yakapanda taratibu, na mwaka 1935 yakaipasua njia ya zamani. Baadaye, kwa kupanda na kushuka, yalifika kimo cha juu sana mwaka 1980, zaidi ya mita tano juu ya kimo cha mwaka 1915. Mita tano, ndugu msomaji, hupita paa la nyumba nyingi za kijijini. Fikiri ni mashamba mangapi, vichaka vingapi vya matete na fukwe ngapi zilimezwa na kutapikwa katika maisha ya mtu mmoja.

Na hayo ni mabadiliko madogo ukilinganisha na ya kale. Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa hilo, lenye kina cha takriban mita 700, wakatoa tope lililolala tabaka juu ya tabaka kwa makumi ya maelfu ya miaka. Tope hilo lilionyesha kwamba zaidi ya miaka 70,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame wa kutisha, ambapo maji yalishuka kwa zaidi ya mita 500. Ziwa tunaloliona kama bahari lilibaki dimbwi kubwa tu.

Sasa, ni nani aliyeyaona mabadiliko yote hayo kwa karibu, kutoka ndani ya matete yenyewe? Samaki waliyaona, lakini samaki hakai nchi kavu. Ndege waliyaona, lakini ndege hazaliwi majini. Kiumbe mmoja anaishi nusu ya maisha yake chini ya maji na nusu hewani, na kwa hiyo huumia kokote kunakoharibika. Huyo ndiye kereng'ende.

Wengi tunamjua kwa sura. Ni mdudu mwenye mabawa manne ya kioo, macho makubwa yanayofunika karibu kichwa chote, na kiwiliwili kirefu kama kijiti. Watoto humfunga uzi na kumrusha. Huweza kusimama hewani, kurudi nyuma na kugeuka ghafla, mambo ambayo helikopta imeyaiga juzi tu. Ukoo wake ni wa kale mno. Katika makaa ya mawe ya Ufaransa yamepatikana mabaki ya jamaa yake wa miaka kama milioni 300 iliyopita, aitwaye Meganeura, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yalipata sentimeta 65 au zaidi. Hata makaa yetu ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011 huko Mbinga, ni miti na mimea ya zama zilizofuata hizo.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni utoto wake. Jike hutaga mayai majini au ndani ya mmea wa majini. Anayetoka humo hana mabawa. Ni mnyama mkali wa chini ya maji, apumuaye hewa iliyoyeyuka majini, mwenye mdomo wa chini unaokunjuka mbele ghafla kama mkono na kunasa windo. Hula viluwiluwi vya mbu, minyoo, hata vifaranga vya samaki. Aina nyingine hukaa hivyo wiki chache, nyingine miezi, nyingine miaka. Siku ikifika hupanda juu ya unyasi au jiwe, hupasua ngozi mgongoni, na kereng'ende tunayemjua hutoka, hukausha mabawa, akaruka. Maisha yake ya hewani ni mafupi. Kwa hiyo ukimwona kereng'ende kijitoni, jua kwamba unasoma taarifa ya maji yale kwa muda wote aliokuwa humo.

Katika mwambao wa Nyasa chakula hakijawahi kumpungukia. David Livingstone, aliyefika ziwani humo mwaka 1859 na kurudi kulipita kwa mashua mwaka 1861, alieleza jinsi alivyoona mawingu yakipanda kutoka majini kama moshi wa nyika inayoungua. Yalipomfikia akakuta ni vidudu vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vikijaa machoni na puani. Wenyeji walivikusanya usiku, wakavipika na kuvifanya mikate. Vidudu hivyo, vinavyoitwa kungu, having'ati mtu. Watoto wao hukaa katika kilindi mchana na kupanda juu usiku. Mawingu ya kungu bado yanaonekana ziwani, na yanapofika ufukoni, mbayuwayu na kereng'ende hufanya karamu.

Baada ya Livingstone walikuja wengine wa kuandika na kukusanya. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alizunguka nchi za Nyasa na Ruvuma mwishoni mwa karne ya 19, akakusanya samaki, wadudu na habari za watu. Kitabu chake kikubwa juu ya sehemu hizo kilitoka mwaka 1906. Kwa upande wa kereng'ende, mtu aliyefanya kazi ya kuwaorodhesha katika Afrika Mashariki yote ni Elliot Pinhey, ambaye orodha yake ilichapishwa mwaka 1961. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 2014, Klaas-Douwe Dijkstra na Viola Clausnitzer walitoa kitabu cha mwongozo wa kereng'ende wote kuanzia Sudan hadi Zimbabwe, na idadi ya aina humo inapita 500.

Hapa kwetu Tanzania kisa kinachofundisha zaidi kinatoka Usambara Mashariki. Huko Amani palikuwa na taasisi ya utafiti wa malaria, na miongoni mwa watafiti wake alikuwa Mwingereza Gillies, mtaalamu wa mbu. Katika msitu ule alipatikana kereng'ende mwembamba ambaye hakuwa amejulikana kwa sayansi, na mwaka 1962 Pinhey alimwandika kwa jina la Amanipodagrion gilliesi, yaani jina la Amani na jina la Gillies kwa pamoja. Mpaka leo anajulikana katika bonde la mto Sigi peke yake, katika vijito vya msituni vyenye kivuli na maji safi yaendayo kasi. Yuko katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Ukikata kivuli cha kijito kile, hana pa kuhamia.

Je, mazingira yanapobadilika, kereng'ende hufanya nini hasa? Watu wengi hudhani kwamba hupungua, basi. Mambo si rahisi hivyo, na hapa naomba msomaji awe makini, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Clausnitzer alipochunguza sehemu za pwani ya Kenya, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2003, aliona kwamba kereng'ende hawamo popote pale ovyo ovyo. Kila aina ina makazi yake. Kuna wanaotaka msitu, kivuli na maji baridi, nao hawapatikani pengine. Kuna wengine wanaopenda jua, wanaozaa katika dimbwi, mtaro, bwawa, hata shimo la barabarani. Msitu ukikatwa, wale wa kwanza huondoka na hawa wa pili huja. Kwa hiyo mtu asiyejua anaweza kusimama penye kijito kilichokwisha haribika, akaona kereng'ende tele wakiruka, akasema: "Mbona mambo ni mazuri?" Idadi imeongezeka, lakini aina zimepungua. Waliobaki ni wale wanaopatikana kila mahali, kuanzia Afrika Kusini hadi Misri.

Ndivyo ilivyo hata mbali na kwetu. Huko Uingereza, ambako watu wa kujitolea wamehesabu kereng'ende kwa miongo mingi, ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba tangu mwaka 1970 zaidi ya asilimia 40 ya aina zimeongezeka, na kama asilimia 11 zimepungua. Nchi imekuwa na joto zaidi, na aina za kusini zimesogea kaskazini. Lakini zilizopungua ni zile zinazohitaji mahali pa baridi na pa namna ya pekee. Desemba mwaka huo huo wa 2021, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza hesabu ya kwanza ya dunia nzima: kati ya aina 6,016 zilizopimwa, asilimia 16 ziko hatarini kutoweka.

Sasa tazama umbo la nchi ya Mbinga. Ziwa liko chini, kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000. Mdudu anayependa baridi, joto likizidi, husogea juu. Akisogea tena, hukuta kilele, na juu ya kilele ni hewa tupu. Na joto linazidi kweli. Vipimo vya maji ya kilindini katika Ziwa Nyasa vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1939 na mwisho wa karne iliyopita yaliongezeka joto kwa kiasi cha nyuzi 0.7. Kwa kilindi kikubwa vile, hilo si jambo dogo.

Lakini haitakuwa haki kumsingizia jua peke yake. Historia ya milima ile ina mkono wa binadamu, na mkono huo umefanya mema na mabaya.

Katika karne ya 19, Wangoni walipoingia nchi hizi wakitokea kusini, Wamatengo wengi walijibana katika milima mikali. Pale penye mteremko ambao mgeni angesema haulimiki, walilima kwa njia yao ya ngolo. Mwishoni mwa masika wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana kama nyavu. Wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika yale majani, hata shamba lote likawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa kwanza, kisha mahindi msimu unaofuata. Mvua ikinyesha, maji hutua mashimoni na kuzama, badala ya kukimbia na udongo. Majani yaliyozikwa huoza na kuwa mbolea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani, walioanza utafiti wao Mbinga mwaka 1994, walikuta kilimo hicho kikiwa kimehifadhi udongo katika miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja.

Tena ardhi yenyewe ilipangwa kwa kufuata maji. Wamatengo huita ntambo ile sehemu ya mlima iliyo kati ya kijito na kijito, na ukoo uliishi na kulima katika ntambo yake. Mpaka wa ukoo ulikuwa ni maji yanayotiririka. Mtu aliyekausha kijito alikuwa anafuta mpaka wa babu yake.

Katika miaka ya 1920 ikaja kahawa. Haifai kuisema vibaya kahawa. Imesomesha watoto, imejenga nyumba za bati, imewatoa watu ambao leo ni madaktari, mapadri na mawaziri. Lakini kahawa ina mambo yake na maji. Maganda na utelezi wake vikimwagwa kijitoni huoza, na kuoza huko hunyonya hewa iliyomo majini, wadudu wakakosa pumzi. Dawa zenye mrututu zinazotumika dhidi ya chulebuni na kutu ya majani zina shaba, na shaba ikizidi majini ni sumu kwa viumbe wadogo. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na ruzuku ya pembejeo ikawa imeondolewa, wakulima wengi waliyumba. Wengine walishuka kufungua mashamba mapya katika miombo ya tambarare. Wengine walilima mpaka ukingoni mwa maji. Wengine walipanda mikaratusi mabondeni, maana mti huo hukua haraka na unauzika, lakini unakunywa maji kama askari aliyerudi vitani.

Nayajua haya si kwa kusoma tu. Nimekulia Mbinga mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kijito tulichochotea maji kabla ya kwenda shule. Kilikuwa chini ya miti mikubwa, chenye giza hata saa sita mchana. Penye mawe walikaa kereng'ende wembamba, warefu, wa kijani chenye kumeta kama shaba iliyosuguliwa, wakifunga na kufungua mabawa polepole. Sisi watoto tuliwaogopa kidogo, kwa sababu walikuwa hawana haraka.

Mwaka jana nilirudi. Miti mikubwa haipo. Kijito kipo, lakini kipo juani, chembamba, chenye tope, na pembeni mmesimama mikaratusi iliyonyooka kama nguzo za umeme. Nilimkuta shangazi yangu amekaa barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umeshuka mtoni?"

"Nimeshuka. Nimeona kereng'ende wengi sana."

Akacheka. "Umeona wekundu. Hao ni wa juani, siku hizi wamejaa kama inzi. Wale wa kivulini, waliokuwa wanakaa pale tulipokuwa tunateka maji, wameondoka zamani, baba. Waliondoka kabla maji hayajapungua."

Ndugu msomaji, nilikaa kimya. Jambo ambalo wataalamu wameliandika kwa miaka, kwamba aina hubadilika kabla idadi haijapungua, na kwamba mdudu huondoka kabla ya maji kuondoka, shangazi alikuwa amelishika kichwani muda wote huo. Hakuna aliyemwuliza. Wala mimi sikuwahi kumwuliza, mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Tusije tukadhani kwamba kila kereng'ende ni mkazi asiyehama. Yupo mmoja wa rangi ya manjano na dhahabu, aitwaye Pantala flavescens, anayeonekana makundi kwa makundi mvua zinapokaribia. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson, aliyeishi visiwa vya Maldivi, alichapisha hoja yake kwamba wadudu hao hutoka India, hupita Maldivi kuanzia mwezi Oktoba, na huvuka Bahari ya Hindi wakibebwa na pepo mpaka Afrika Mashariki. Ni pepo zile zile zilizowaleta manahodha na majahazi. Huzaa katika madimbwi ya mvua, watoto hukua kwa majuma machache tu, na vizazi vinavyofuata hurudi. Huyu haogopi sana mabadiliko ya kijito, kwa sababu yeye hufuata mvua. Mvua ikibadili majira, naye hubadili. Kwa hiyo kereng'ende mmoja anatueleza habari za kijito kimoja nyuma ya nyumba, na mwingine anatueleza habari za bahari nzima.

Sasa tumjibu yule ndugu yetu wa simu. Kereng'ende wana faida gani kwa bei ya unga?

Kwanza, ni askari wa bure. Katika jiji la Yangon, Myanmar, watafiti waliwashirikisha wananchi kuweka watoto wa kereng'ende katika mapipa ya maji ya nyumbani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1990 yalionyesha kwamba mbu wa homa ya dengi walipungua sana katika majuma machache. Mla mbu akiondoka majini, mbu anabaki na uhuru wake. Na tuna mfano wa karibu zaidi, wa Ziwa Nyasa lenyewe. Upande wa Malawi, samaki walao konokono walipovuliwa kupita kiasi tangu miaka ya 1980, konokono waliongezeka katika baadhi ya fukwe, na kichocho kikaongezeka pamoja nao. Ukimtoa mlaji mmoja katika maji, hesabu yake huletwa zahanati.

Pili, ni kipimo cha bei nafuu. Kupima maji kwa mashine kunahitaji fedha, maabara na gari. Afrika Kusini wametengeneza njia ya kupima mito kwa kereng'ende. Kila aina hupewa alama kuanzia 0 hadi 9. Yule apatikanaye popote hupata 0, na yule mchaguzi, mwenye kutaka maji safi na makazi yake maalumu, hupata 9. Jumla ya alama inaeleza hali ya mto. Na huko huko walipong'oa miwati na miti mingine ya kigeni iliyosonga kingo za mito, kereng'ende wa asili walirudi, wakiwamo ambao hawakuwa wameonekana kwa miongo mingi. Hili ndilo jambo la kutia moyo. Kijito kilichokimbiwa kinaweza kurudiwa, ikiwa bado pako mahali walikojificha jamaa zao wa kurudi.

Tatu, na hapa ndipo unga unapoingia, maji yanayomlea kereng'ende wa kivulini ndiyo maji ya shamba, ya mtambo wa kumenya kahawa, ya bwawa la samaki na ya ndoo ya kupikia. Kijito cha Umatengo kikishuka na tope huingia Ruhuhu au huenda moja kwa moja ziwani, na tope hilo huziba mazalio ya samaki wa Lituhi na Mbamba Bay. Mama wa mlimani na mvuvi wa ufukoni hawajuani, lakini wanakunywa kikombe kimoja.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Tatizo ni kwamba mita 60 katika mteremko wa Mbinga huenda ndizo shamba zima la mtu. Ukimwambia aliache bila kumpa njia nyingine, unamwambia alale na njaa, naye hatakusikia. Kwa hiyo kazi haiwezi kuwa ya amri peke yake. Miti ya asili irudishwe ukingoni, mikaratusi ihamishiwe milimani mbali na chemchemi, maji ya kumenyea kahawa yatuame shimoni kabla ya kurudi mtoni, na ngolo isidharauliwe kana kwamba ni ushamba. Na palipo na mgodi, maji yatokayo yatazamwe kabla ya lawama na si baada yake.

Aidha, ipo kazi ndogo ambayo haihitaji mfadhili. Kila shule ya msingi iliyo karibu na kijito inaweza kuwatuma watoto mara moja kwa mwezi kuangalia: wekundu wa juani ni wangapi, wa kijani wa kivulini ni wangapi, maji yanafika wapi. Waandike katika daftari, na daftari libaki shuleni. Miaka 20 ikipita, kijiji kitakuwa na historia ya maji yake iliyoandikwa na watoto wake, jambo ambalo Gwendolen na mizinga yake haikutuachia. Na kabla ya kuanza kuhesabu, waende kwanza kwa bibi na shangazi zao wakawaulize ni nani walikuwapo na ni nani wameondoka. Watu hao wanazeeka, na majina ya kereng'ende wa kivulini yatazikwa pamoja nao.

Mimi nimeanza. Juzi nilimpigia simu shangazi nikamwomba anitajie kwa Kimatengo majina yote anayoyakumbuka. Akasema nisubiri mavuno ya maharage yaishe, kisha niende mwenyewe na daftari, maana mambo ya mtoni hayasemwi kwenye simu.